Nyuma ya Jina Kuna Nani?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Singida)





Mada niliyopewa inahusu kumtambua mtu halisi aliye nyuma ya majina na picha tunazoziona katika mitandao ya kijamii. Huenda mmoja wenu anajiuliza: je, hilo ni jambo la Tume ya Haki na Amani, au ni la mafundi wa simu? Nitajibu kwa kusimulia tukio moja, pasipo kutaja kigango wala watu wake.

1. Kidole cha bibi

Mtunza hazina wa kigango hicho alipokea ujumbe wa WhatsApp. Picha ilikuwa ya paroko, jina lilikuwa la paroko, na hata salamu ilikuwa ile aliyozoea paroko. Ujumbe ulisema kwamba yuko safarini, simu yake ya kawaida imeharibika, na mwenye duka la mabati anataka alipwe siku ile ile, la sivyo bei itapanda. Fedha zilikuwapo: shilingi 640,000, zilizochangwa na waamini baada ya kuuza alizeti. Alipotaka kutuma, mtunza hazina aliona jina la mwanamke. Akajibiwa kwamba huyo ndiye mwenye duka. Akatuma. Paroko aliporudi jioni kutoka kigango cha jirani, hakuwa na habari yoyote.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi. Jina lile lilifuatiliwa, likaonekana kuwa la bibi mjane wa kijiji cha pili. Vijana wenye hasira wakafika mlangoni kwake. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake, kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa, na kwa alama ya kidole chake mwenyewe. Kwa mujibu wa kumbukumbu, mwizi alikuwa yeye.

Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa jumuiya yake. Alisimama mlangoni akasema: “Bibi huyu hajui kusoma, na simu yake ni ya tochi. Kaeni chini kwanza tuulizane.” Walipoulizana kwa upole, ikajulikana kwamba siku bibi aliposajili laini yake mnadani, kijana aliyemsajili alimwambia kidole hakikusomeka vizuri, akambonyezesha mara ya pili. Kidole kile cha pili ndicho kilichozaa laini nyingine asiyoijua.

Ndugu zangu, mnaona sasa kwamba swali “Nyuma ya jina hili kuna nani?” ni swali la haki kabla ya kuwa swali la ufundi. Lisipoulizwa, maskini huibiwa. Likijibiwa kwa pupa, maskini mwingine husingiziwa.

2. Ngozi ya simba

Sisi watu wa Singida hatupaswi kulishangaa swali hili. Katika miaka ya 1946 na 1947 watu wengi katika nchi ya Wanyaturu walikutwa wameuawa, miili yao ikiwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha. Wengi waliamini kwamba ni simba. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipochunguza, iliwafikisha watu mahakamani na baadhi yao wakahukumiwa kifo, kwa kuwa mauaji yalionekana kuwa ya binadamu waliojifanya simba, ambao waliitwa mbojo. Maelezo yaliyoandikwa baadaye yanasema kwamba mara nyingine aliyevaa ngozi hakuwa mwenye shauri: nyuma yake alikuwapo aliyemtunza, na nyuma ya huyo alikuwapo aliyemkodi.

Sisemi haya ili kufufua machungu ya zamani. Nasema kwa sababu yana mafunzo mawili. Kwanza, nyuma ya ngozi daima kuna mtu, na nyuma ya mtu huyo anaweza kuwapo mwingine. Pili, watu wasipojua mkono uliotenda, hofu huingia katika kila nyumba, na jirani humwangalia jirani yake kama mnyama. Mtandao wa leo umetupa ngozi nyingi za kuvaa, tena kwa bei rahisi.

3. Alama zisizotosha

Katika Mwanzo sura ya 27, mzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimwuliza mwanawe yeye ni nani. Sauti ilimtia shaka. Lakini alipoigusa mikono iliyofunikwa ngozi za wana-mbuzi, shaka yake ikanyamazishwa, naye akatoa baraka. Isaka hakukosa kuuliza. Alikosa kwa kutegemea alama ambayo mwenye hila alikuwa amekwisha kuiandaa. Hebu tuzitazame alama tunazozitegemea sisi.

Ya kwanza ni usajili wa laini. Tangu tarehe 1 Mei 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Utaratibu huu una manufaa, maana mhalifu hufuatiliwa. Lakini usajili unaonyesha ni nani aliyeweka kidole. Hauonyeshi ni nani aliyeshika simu. Bibi yetu ni shahidi.

Ya pili ni ile alama ya buluu kando ya jina. Zamani iliashiria kwamba wenye mtandao wamemhakiki mtu huyo. Tangu mwaka 2022 mtandao wa Twitter, ambao sasa unaitwa X, ulianza kuiuza kwa malipo ya kila mwezi, na mara watu wakainunua ili kujifanya makampuni na watu mashuhuri.

Ya tatu ni akaunti yenyewe. Mwezi Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi letu la Polisi katika mtandao huo huo ilidukuliwa, zikatolewa humo habari za uongo. Akaunti ilikuwa ya kweli. Mkono ulioiandikia ulikuwa wa mwizi. Vivyo hivyo ndugu yako wa kweli anaweza kunyang’anywa akaunti yake ya WhatsApp kwa kudanganywa ataje tarakimu sita alizotumiwa, na kesho mwizi akakuomba mkopo kwa jina lake.

Ya nne ni picha na sauti. Mwezi Machi 2023 ilienea duniani picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe. Hakuwahi kulivaa; picha ilitengenezwa kwa akili unde. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2024, yeye mwenyewe alikumbusha kwamba alikwisha kufanyiwa mambo ya namna hiyo. Siku hizi hata sauti huigwa, nasi tuliofundishwa kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji hatuna budi kuwa waangalifu.

4. Njia tuliyo nayo tayari

Je, tukate tamaa? Hapana. Kanisa limekuwa likihakiki watu tangu zamani, bila mtambo wowote. Kijana akitaka kufunga ndoa, haitoshi aseme yeye ni nani. Huombwa cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa, kwa kuwa ndiko ndoa huandikwa pia; jina lake hutangazwa kanisani, ili mwenye kujua kizuizi aseme; na viongozi wa jumuiya yake humshuhudia. Msingi wa utaratibu huu ni mmoja: mtu hatambuliwi kwa neno lake peke yake, bali kwa ushuhuda wa wanaomfahamu, tena kwa njia ambayo si yeye aliyeichagua. Kumbukumbu la Torati 19:15 lataka mashahidi wawili au watatu.

Tuutumie msingi huo huo:

(a) Ukiombwa fedha, usijibu kwa njia ile ile uliyoombwa. Piga namba unayoijua tangu zamani, au mtume mtu aende.

(b) Fedha za kigango au za jumuiya zisitumwe kwa idhini ya mtu mmoja. Wawili wathibitishe, kila mmoja kwa njia yake.

(c) Mwuliza swali ambalo jibu lake haliko mtandaoni: tulikaa wapi siku ya mazishi ya fulani?

(d) Haraka na siri ni dalili mbaya. Anayekukataza kuuliza ndiye wa kuulizwa.

(e) Kila mmoja ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#, na vijana wawasaidie wazee. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwa namba 15040.

Naomba pia viongozi, na hata mapadre, wasichukizwe wanapoulizwa. Mtume Tomaso alitaka kuona makovu, na Bwana hakumfukuza, alimwonyesha. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa heshima.

5. Mipaka ya swali letu

Lakini si kila afichaye jina ni mbwa mwitu. Yupo mfanyakazi anayefichua wizi wa dawa. Yupo binti anayeeleza aliyotendewa. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015 kwa sababu watu wa namna hiyo wapo na wanahitaji kinga. Hata hivyo mwezi Desemba 2016 mwanzilishi wa Jamii Forums, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashtaka yalikuwamo ya kutowapa polisi taarifa za watumiaji walioandika humo. Mjadala ule ulitufundisha kutofautisha mambo mawili: anayeficha jina lake ili aseme kweli, na anayevaa jina la mwenzake ili aibe. Wa kwanza hupimwa kwa ukweli wa habari yake. Wa pili huvuliwa ngozi.

Tena, tusimtake kila mtu atoe picha ya kitambulisho chake ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatambua kwamba taarifa za mtu ni amana. Orodha za jumuiya zetu zenye namba za simu na za vitambulisho zisibandikwe ukutani wala kurushwa katika makundi.

Na hata aliyevaa ngozi tumkumbuke kwa haki. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar, na wapatao 100,000 huko Kambodia, walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli mtandaoni. Wamo vijana wa Afrika Mashariki waliovutwa kwa ahadi ya kazi nzuri, kisha wakafungiwa. Kwa hiyo mama anayeibiwa hapa na kijana anayemwibia kutoka kule wanaweza kuwa wameumizwa na bwana mmoja. Kijana wako akiahidiwa kazi ya mbali na mtu asiyemjua, uliza swali lile lile: nyuma ya jina hili kuna nani?

Ndugu zangu, fedha za mabati hazikurudi. Kigango kilichanga upya, na mchango wa kwanza uliletwa na yule bibi: kuku mmoja. Lakini wale vijana walikuwa bado hawajaenda kumwomba msamaha. Mimi naona kazi ya Tume yetu inaanzia hapo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyesingiziwa kwa sababu ya simu au ujumbe? Tumefanya nini kumrudishia heshima yake?

2. Fedha zetu hutumwa kwa uthibitisho wa watu wangapi?

3. Nani atawatembelea wazee wetu ili kuwasaidia kuhakiki laini zao?

Mungu awabariki.