Kilichomo Ndani ya Ada: Nasaba, Majina na Kumbukumbu za Koo kutoka Ayalandi hadi Segerea



Kununua nasaba si jambo geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Historia ya miji yake inawajua watu waliojipatia mababu wa Shirazi au wa Uarabuni kadiri mali yao ilivyokua. Jambo geni ni kuinunua kwa mwezi. Siku hizi kijana wa Segerea, mwenye simu ya mkononi na kadi ya benki, anaweza kulipa ada katika tovuti ya kigeni inayomwahidi mamilioni ya kumbukumbu za koo, akaandika jina la babu yake, na kusubiri. Mara nyingi hujibiwa na watu wa Birmingham na Ohio. Suala linalojadiliwa katika mhadhara huu ni nini hasa kilicholipiwa, na kwa nini wataalamu wa lugha wana la kusema katika jambo linaloonekana kuwa la wanahistoria na wafanyabiashara.

Inafaa kuanza na nchi ambayo biashara hii imestawi, nayo ni Ayalandi. Vizazi vya Waayalandi waliohamia Marekani, Uingereza na Australia, hasa baada ya njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, vimekuwa wateja wakubwa wa tovuti za nasaba. Aidha, Ayalandi inafanana na Tanganyika katika jambo moja muhimu kwa mhadhara huu: majina ya watu wake yaliandikwa kwa muda mrefu na makarani wa dola ya Uingereza ambao hawakuijua lugha ya wenye majina.

Mteja anayelipa ada kwa ajili ya Ayalandi hulipia mambo mawili. La kwanza ni faharasa, yaani orodha ya majina yaliyonakiliwa kutoka vitabu vya zamani ili mashine iweze kuyatafuta. La pili ni picha za kurasa za vitabu hivyo, pale mwenye tovuti alipopata haki ya kuzionyesha. Vifurushi vyenyewe hutofautiana: kimoja hufungua kumbukumbu za nchi moja, kingine dunia nzima, na vingi hujihuisha vyenyewe mwaka ukiisha iwapo mteja hakuvisitisha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kumbukumbu za Ayalandi hupatikana bila malipo. Sensa za mwaka 1901 na 1911 zimewekwa wazi na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo. Vitabu vya vizazi, ndoa na vifo, vilivyoanza kwa watu wote mwaka 1864, vimo katika tovuti ya serikali, isipokuwa vile ambavyo bado vinalindwa kwa ajili ya faragha: miaka 100 kwa vizazi, 75 kwa ndoa na 50 kwa vifo. Maktaba ya Taifa iliweka picha za vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za Kikatoliki mwaka 2015. Kwa hiyo anayelipa ada mara nyingi hulipia wepesi wa kutafuta, wala si karatasi yenyewe.

Zaidi ya hayo, ada haiwezi kufufua kilichoteketea. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mjini Dublin, jengo la hifadhi ya nyaraka katika Four Courts lililipuka na kuungua. Sensa za mwaka 1821 hadi 1851 zilipotea karibu zote. Zile za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana watafiti hukimbilia daftari la tathmini ya ardhi la Griffith, la miaka ya 1847 hadi 1864, ambalo halikukusudiwa kuhifadhi ukoo wa mtu yeyote. Lilikusudiwa kutoza kodi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kumbukumbu inayouzwa leo kuwa ya ukoo iliandikwa kwanza kwa haja ya mwingine: mtoza kodi, padre, hakimu au jeshi. Anayetaka kujua ada inabeba nini hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyekuwa na haja ya kuwaandika babu zake, na aliwaandika kwa lugha gani.

Swali hilo likiulizwa Segerea, majibu huwa mengine. Segerea iko katika eneo la zamani la Uzaramo, upande wa barabara ziendazo Pugu na Kisarawe. Wengi huijua kwa gereza lake na kwa seminari kuu ya Kikatoliki. Wakazi wake wa sasa wametoka Pwani, Morogoro, Kigoma, Kilimanjaro, Songea na kwingineko, na wengi wao walihamia huko mji ulipopanuka. Babu zao waliandikwa wapi? Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, lakini aliyehesabiwa ilikuwa nyumba. Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, ila kwa muda mrefu Waafrika hawakulazimishwa kuandikishwa chini yake. Athari za ubaguzi huo zilidumu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba ni takriban robo tu ya watoto walio chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulioanza kazi mwaka 2006, ulirithi deni la karibu karne nzima. Fomu za sensa za mtu mmoja mmoja hazifunguliwi kwa umma kama zile za Ayalandi.

Si kweli, hata hivyo, kwamba hakuna kitu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Dar es Salaam ina majalada ya enzi ya Wajerumani yenye thamani kiasi kwamba UNESCO iliyaingiza katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Sheria ya mwaka 2002 huruhusu nyaraka za umma kufunguliwa baada ya miaka 30. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, iliwapokea na kuwabatiza watu waliokombolewa utumwani. Hati za Zanzibar kuhusu watumwa walioachwa huru baada ya amri ya mwaka 1897 zimo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Anayelipa ada asidhani kwamba kifurushi kilichoandikwa 'dunia nzima' kinafika huko. Ni busara afungue kwanza orodha ya mikusanyo ya nchi anayoitafuta, ambayo tovuti nyingi huionyesha bure, asome miaka iliyomo, ndipo atoe kadi. Shirika la FamilySearch, ambalo halitozi ada, limekuwa likirekodi nasaba za simulizi kwa wazee katika nchi kadhaa za Afrika. Mkondo huo ni wa maana kuliko matangazo mengi ya kulipia.

Tuseme basi kwamba karatasi ipo na imeingizwa katika mashine. Bado jina lazima lionekane. Kanuni ya kutafuta majina kwa sauti iitwayo Soundex, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918, bado hutumika katika baadhi ya tovuti. Huihifadhi herufi ya kwanza ya jina, huzitupa irabu, na huzigawa konsonanti katika makundi sita. Kwa majina ya Kiingereza inafaa. Kwa Kiswahili inavuruga mambo pande zote mbili. Kwanza hutenga yaliyo mamoja. Hamisi hupata alama H520. Khamis, kwa tahajia ya Zanzibar, hupata K520. Chamis, kama alivyoweza kuandikwa na karani Mjerumani, hupata C520. Mtu mmoja amekuwa watatu. Juma ni J500, lakini Djuma ni D250, wala mashine haiwezi kudhani kwamba wanahusiana. Halima na Harima hutenganishwa kwa sababu l na r zimewekwa katika makundi tofauti, ilhali katika lugha nyingi za Kibantu sauti hizo hubadilishana bila mtu kushtuka. Pili, huunganisha yasiyohusiana: Mwanahawa, jina la mwanamke, na Mwinyi, lenye asili ya cheo, yote mawili ni M500.

Tovuti kubwa zimeongeza mbinu mpya, lakini tatizo la msingi limebaki. Kiswahili sanifu kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Karatasi za kabla ya hapo zina tahajia ya kila karani, na nyingi zimo katika hati ya Kiarabu. Waayalandi wanaijua adha hii. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, aliandikwa McGowan mahali pamoja na Smith mahali pengine, kwa maana karani alitafsiri jina zima. Mwanamke aliyeitwa Ní katika lugha yake, kama vile Mswahili angesema binti, aliandikwa kwa O' ya kaka zake.

Kubwa zaidi ni nafasi iliyoandikwa 'jina la ukoo'. Juma Hamisi Ali hana jina la ukoo. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Mtoto wake atakuwa fulani Juma Hamisi, na Ali atatoweka katika karatasi. Fomu ya tovuti hudhani kwamba Ali ni ukoo, kisha humtafutia jamaa miongoni mwa akina Ali wote duniani. Kwa Wazaramo, Waluguru na Wakwere kosa hilo ni maradufu, kwa kuwa katika jadi zao ukoo hufuata upande wa mama. Jina linaloandikwa linatoka kwa baba. Ukoo unatoka kwa mama na mjomba. Mti wa nasaba uliojengwa juu ya majina ya baba unaweza kuwa sahihi kila tawi, na bado usiwe na ukoo wa mtu ndani yake.

Ziko kumbukumbu ambazo hakuna ada inayozifikia, nazo zinaandikwa Segerea kila juma. Mtu akifariki, jamaa hukutana, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Muhtasari huo huwataja wajane, watoto, ndugu na waliohudhuria, kwa majina matatu matatu na kwa uhusiano wao na marehemu. Kwa mtazamo wa mwanaisimu, hayo ndiyo maandishi ya nasaba yaliyo mengi na hai kuliko yote katika Kiswahili cha leo, na ni ajabu kwamba hayajachunguzwa ipasavyo.

Maandishi hayo yana hatari yake, na hatari hiyo ni ya kiisimu. Katika usemi wa nyumbani, mtoto wa baba mdogo ni kaka au dada, na baba mkubwa huitwa baba. Katibu wa kikao akiandika 'mtoto wa marehemu' kwa maana ya nyumbani, hakimu husoma kwa maana ya sheria, na nyumba ya urithi inaweza kugawiwa asiyestahili au kunyimwa anayestahili. Wengine hukwepa kwa kuandika 'mtoto wa kumzaa'. Wengine huandika 'ndugu' na kuacha kila kitu gizani. Istilahi zipo: baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, mjomba, mpwa, binamu, ndugu wa kuchangia baba, ndugu wa kuchangia mama. Kinachotakiwa katika muhtasari ni kuyatumia maneno hayo kwa ukamilifu, kutaja mama wa kila mtoto kwa jina, na kuandika kijiji cha asili pamoja na jina lililotumika kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, pale kijiji kilipohamishwa. Hayo hugharimu kalamu na saa moja ya mzee anayekumbuka, na yafanyike angali yu hai.