Mgeni Katika Wilaya ya Makaa ya Mawe



Leo napenda kuwaelezeni habari za wilaya ya Harlan, iliyo katika milima ya kusini-mashariki ya jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani. Reli ilifika huko mwaka 1911, na tangu hapo watu wa wilaya hiyo waliishi kwa makaa ya mawe. Nimeichagua kwa sababu sisi nasi tunayo makaa ardhini, katika bonde la Mui huko Kitui. Na twajadiliana sana jinsi ya kuyatoa, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza mji utakuwa na hali gani siku wachimbaji watakapoondoka.

Mgeni aingiaye Harlan huelekezwa kwanza kwenye miji miwili midogo ijiraniyo, Benham na Lynch. Benham ilijengwa kwa ajili ya kampuni iliyotengeneza mashine za kilimo. Lynch ilianzwa mwaka 1917 na kampuni moja iliyokuwa chini ya U.S. Steel, iliyohitaji makaa kwa tanuri zake za chuma. Nyumba, duka na hospitali, vyote vilikuwa mali ya kampuni. Katika miji mingi ya namna hiyo, mchimbaji alilipwa hata kwa sarafu za kampuni, zisizofaa mahali pengine ila katika duka la bwana wake.

Basi duka la Benham, jengo kubwa la matofali la mwaka 1923, ndilo lililogeuzwa kuwa jumba la makumbusho ya uchimbaji wa makaa. Ndani yake mna taa, sururu na vyombo vya nyumbani vya wachimbaji. Mwaka 1923 mke wa mchimbaji aliingia kwa mlango ule kununua unga. Leo mjukuu wake huingia kumtazama bibi yake katika picha. Na jambo moja lilichekesha watu wengi: mwaka 2017 jumba hilo la makaa liliwekewa juu ya paa lake mitambo ya kupata umeme kwa nguvu za jua, ili kupunguza gharama! Mimi sioni aibu yoyote katika jambo hilo. Mwenye nyumba hutafuta taa iliyo rahisi.

Huko Lynch mgeni hushuka hasa. Shimo liitwalo Portal 31 lilichimbwa tangu 1917 hata 1963, na mwaka 2009 likafunguliwa kwa wageni. Huvaa kofia ngumu, hupanda kigari cha reli, na kuingizwa gizani, ambako sanamu zisemazo humsimulia maisha ya wachimbaji wa nyakati mbalimbali. Nje ungali umesimama mnara wa kupakilia makaa, ambao zamani ulihesabiwa kuwa miongoni mwa iliyo mikubwa kabisa duniani. Juu ya mji upo mlima Black Mountain, wenye futi 4,145, ambao hakuna ulio mrefu kuliko huo katika Kentucky yote.

Lakini urithi wa Lynch si mawe na chuma tu. Kampuni iliajiri wahamiaji kutoka Ulaya, na watu weusi kutoka Alabama na majimbo mengine ya kusini. Chini ya ardhi walichimba mwamba mmoja. Juu, watoto wa weusi walikuwa na shule yao peke yao, mpaka ubaguzi huo ulipokomeshwa katika miaka ya 1960. Mashine zilipochukua kazi za mikono, jamaa hizo zilihamia Detroit, Cleveland, Chicago na kwingineko. Hata hivyo hawakusahauliana. Waliunda chama, Eastern Kentucky Social Club, wakawa wakikutana kila mwaka mwanzoni mwa Septemba, watoto na wajukuu pamoja. Profesa William Turner, mzaliwa wa Lynch, aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 2021.

Nawaomba msidhani kuwa yote yalikuwa ya amani. Tarehe 5 Mei 1931, karibu na Evarts, wachimbaji waliogoma walipigana kwa bunduki na walinzi, na watu wasiopungua wanne wakafa. Wengine wengi waliuawa polepole na vumbi lililoingia mapafuni. Kwa maoni yangu, makumbusho yanayoonyesha taa nzuri na kuficha kifua kinachokohoa hayamfundishi mgeni kitu, wala hayawapi heshima wenyeji.

Na mambo hayo si ya zamani tu. Mwezi Julai 1919 ungeweza kuona gari la moshi likitoka Lynch limejaa makaa. Mwezi Julai 2019, karibu na mji wa Cumberland katika wilaya hiyo hiyo, wachimbaji ambao kampuni yao ilifilisika bila kuwalipa mishahara waliketi juu ya reli na kulizuia gari la makaa lisipite. Walikaa hapo majuma mengi, wake zao wakiwaletea chakula.

Katika hesabu ya watu ya 2020, Lynch, mji uliokuwa na maelfu ya watu, haukufika watu 1,000. Waliobaki baadhi yao ndio wanaomwongoza mgeni shimoni, na akiuliza, humwonyesha mahali baba zao walipotundika taa.