Safari imefutwa au imeahirishwa?

Juma hili tuzungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachowatatiza wengi wanaojifunza lugha hiyo: "call off".

Mwanafunzi akifungua kamusi atakuta neno la kwanza ni kuita, na la pili lina maana ya kutoka au kuwa mbali. Akiyaunga hapati kitu. Mwingereza akisema mkutano umekuwa "called off", maana yake mkutano huo haupo tena. Lakini akisema "put off", mkutano upo, ila umesogezwa hadi siku nyingine.

Sisi nasi tunayo maneno yetu, na kila moja lina kazi yake. Kufuta ni kama mwalimu anavyofuta ubao: kilichoandikwa hakipo. Kuahirisha ni kusogeza mbele. Kusitisha ni kusimamisha jambo ambalo pengine litaendelea baadaye. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, akaagiza siku hiyo wananchi wafanye usafi. Hakuziahirisha. Hakuna aliyengoja gwaride la Desemba 10.

Tatizo ni kwamba watangazaji na wenye vyombo vya usafiri wengi hupenda neno moja tu, kuahirisha, kwa kuwa linasikika la kiungwana.

Hebu twende Kyela. Tuseme upepo wa kusi umelichafua Ziwa Nyasa, na abiria wa Liuli na Mbamba Bay wamekusanyika bandarini. Yupo mama mwenye magunia yake ya mchele. Anaambiwa, "Safari imeahirishwa." Basi analala pale pale, ananunua chakula kwa fedha aliyoikusudia mtaji, na kila asubuhi anatazama mawimbi. Siku ya tatu anagundua kuwa safari ilikuwa imefutwa tangu mwanzo.

Angeambiwa hivyo siku ya kwanza, angedai nauli yake, akauza mchele sokoni Kyela. Au angepanda basi hadi Mbeya, akazunguka kupitia Njombe na Songea mpaka Mbamba Bay. Ni mbali, lakini angefika. Neno laini limemtia hasara kuliko upepo.

Kwa hiyo, ndugu wenye vipaza sauti, semeni neno lenye ukweli. Kama safari haipo, imefutwa. Kama imeahirishwa, tajeni siku mpya na saa. Kama mnasubiri upepo utulie na hamjui lini, semeni imesitishwa, na mueleze ni lini mtatoa habari nyingine. Nawe abiria, ukisikia "imeahirishwa", uliza hapo hapo: "Hadi lini?" Asiyeweza kukujibu pengine amekwisha kuifuta, ila anaona haya kusema.