Chungwa Tunalolitupa Nusu



Anayesafiri kwa basi kupitia Muheza anaijua desturi. Chungwa limekwisha menywa kwa kisu. Abiria analikata kichwa, anafyonza maji, na makapi anayatupa. Leo nataka tuyazungumze hayo makapi.

Turudi nyuma kidogo. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilikuwa zikipita pwani yetu hii kuelekea Mombasa. Mojawapo, São Rafael, ilipanda fungu mkabala na Mtangata, karibu na Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Maji yalipokupwa ikabaki juu, na mitumbwi miwili ikaisogelea. Mmoja ulijaa machungwa. Shajara ya safari ile inasema yalikuwa bora kuliko ya Ureno.

Mabaharia wale walikuwa wametoka kuugua. Miezi michache kabla, huko Msumbiji, miguu na mikono yao ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Hicho ni kiseyeye. Walipofika Mombasa wakaletewa machungwa na malimau, na wagonjwa wakapona. Mwandishi wa shajara akaisifu hewa nzuri ya Mombasa! Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, wengi walikuwa wamekwisha kufa, na São Rafael ikachomwa moto pale pale Mtangata kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Kiseyeye kinatokana na nini? Mwili una mishipa ya damu midogo sana, myembamba kuliko unywele. Kuta zake, na nyama inayoishikilia, zinahitaji vitamini C ili ziwe imara. Ikikosekana, mishipa huvuja, na damu hutoka kwenye fizi na chini ya ngozi. Mwaka 1747 daktari James Lind wa Uingereza aliwajaribu mabaharia 12 wagonjwa. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Hata hivyo, jeshi la majini la nchi yake lilingoja hadi 1795 kuamuru maji ya malimau yagawiwe.

Lakini chungwa halina vitamini C peke yake. Ule utando mweupe chini ya ganda, na ngozi za vipande vyake, vina hesperidini. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake huko Hungaria waliona kwamba vitu vya namna hiyo huenda vinaizuia mishipa midogo kuvuja, wakaviita vitamini P. Baadaye jina hilo liliachwa, kwa sababu haikuthibitika kuwa ni vitamini. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanaume 24 nusu lita ya maji ya machungwa kila siku kwa wiki nne. Presha ya chini ilishuka kidogo, na mishipa midogo ikafanya kazi vizuri zaidi. Ni habari njema, ila watu 24 ni wachache.

Kwa hiyo tusipite mpaka. Presha na kisukari ndivyo vinavyoharibu mishipa midogo ya macho na figo, na wapo ndugu zetu wanaoacha vidonge kwa kuahidiwa majani na maji ya matunda. Chungwa ni chakula. Si badala ya dawa. Mwenye kisukari afahamu kwamba maji yaliyokamuliwa hupandisha sukari upesi kuliko tunda lenyewe. Na balungi, ndugu yake chungwa, huweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Mwulize daktari kabla ya kulila. Fizi zikitoka damu kila siku, nenda kwa daktari wa meno, kwani mara nyingi chanzo ni uchafu wa meno.

Wewe uliye mzima, ukipita Muheza, usifyonze tu. Lile chungwa na nyama yake.