Mahali pasipo na gazeti

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mkwajuni, mkoani Songwe.



Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Hapa pana dhahabu, pana wachimbaji wadogo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, na pana halmashauri inayokusanya na kutumia fedha za umma. Lakini hapana gazeti la mahali. Habari zetu huandikwa yanapotokea maafa au anapofika kiongozi. Siku nyingine zote hazina mwandishi.

Taifa letu liliwahi kulijali jambo hili. Mwaka 1974 Wizara ya Elimu ya Taifa ilianzisha, huko Mwanza, gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Ilitambuliwa kwamba mtu mzima aliyefundishwa kusoma, akikosa cha kusoma, husahau. Kampeni ya kufuta ujinga ilizaa matunda: mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, kufikia 1986 walikadiriwa kuwa 10 tu katika kila 100. Hata hivyo magazeti ya vijijini yalidhoofika kwa uhaba wa karatasi na fedha. Basi tuliwafundisha wananchi kusoma, kisha tukawaacha bila gazeti lao.

Wako watakaosema kwamba simu zinatosha. Ndugu zangu, uvumi hauna anwani. Gazeti lina jina, lina mhariri, na lina mahali pa kulishitaki. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu maofisa wa wilaya wa kikoloni. Aliwajibika kwa maneno yake hadharani. Je, ujumbe wa simu usio na mwenyewe utawajibikiwa na nani?

Mwandishi aliyefunzwa husikiliza pande zote mbili, hukagua hesabu, tena huhakiki kabla ya kuchapa. Kazi hiyo ina gharama. Pasipo na gazeti la mahali, mwandishi hulipwa kwa habari moja moja, na mara nyingi hutegemea posho ya yule yule anayemwandika. Hapo uhuru wa kalamu hufa bila ya sheria yoyote kuukataza.

Kwa hiyo hapana budi tutimize wajibu wetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mtumishi siku zisizozidi 30 kumjibu mwombaji. Tusimzungushe mwandishi kutoka ofisi hadi ofisi. Taasisi za umma zilipe matangazo yao kwa wakati, maana gazeti huishi kwa matangazo. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila miezi 3. Mapato na matumizi yanayosomwa pale yabandikwe ukutani. Nanyi walimu, wafundisheni wanafunzi kuandika gazeti la kubandika shuleni, wajifunze mapema kutofautisha habari na uvumi.

Mchimbaji wa Mkwajuni ana haki ya kujua hatari ya zebaki na matumizi ya ushuru wake kabla maafa hayajatokea. Hilo ndilo jukumu la gazeti, na kulisaidia litimizwe ni jukumu letu.