Kufunga na Kuweka Vyombo Vizito vya Trekta

Maneno yaliyosomwa mbele ya wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama

Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache juu ya trekta dogo. Hatukuja kulisifu, maana faida yake mmekwisha kuiona kwa macho yenu. Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo muuzaji hulitaja kwa haraka, na mnunuzi hulisahau kwa haraka zaidi: namna ya kufunga plau, haro na vyombo vingine vizito nyuma ya trekta, na namna ya kuviweka vikiisha kufunguliwa. Sisi tulio makarani si mafundi. Walakini vitabu vya matrekta haya huja kwa lugha za kigeni, na kazi yetu ni kuyaleta maneno yake kwa lugha iliyo wazi.

Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ya trekta iko shambani tu, linapokwenda. Sivyo. Hatari nyingine kubwa hukaa uani, injini ikinguruma polepole na watu wakiona kwamba kazi haijaanza bado, au kwamba imekwisha kumalizika.

Katika nchi yetu ya Mara kulima kwa ng'ombe si jambo geni. Mjita, Mkwaya, Mzanaki, Mwikizu na Mkurya, wote hujua nira na mnyororo. Hata mtoto hujua kusimama kati ya ng'ombe na plau, akaushika mnyororo huku mwenziwe akiwarudisha ng'ombe hatua moja nyuma. Ng'ombe aliyefundishwa husikia sauti. Akiambiwa asimame, husimama. Plau lenyewe lina uzito wa kilo 30 au 40 hivi, hata mtu mmoja huweza kulibeba, na jioni huliegemeza ukutani akaenda kuoga. Desturi hizo ni njema kwa kazi ya ng'ombe. Lakini zikihamishwa kama zilivyo zikapelekwa kwenye trekta, huvunja mifupa, na mara nyingine huua. Hili ndilo neno letu kubwa la leo: mkono uliozoea ng'ombe hauna budi kujifunza upya.

Fikirini uzito. Plau la trekta lenye sahani tatu huweza kupita kilo 300, yaani zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Tena gunia ni laini, na plau lina makali. Trekta nalo halina masikio. Mguu wa dereva ukiteleza kidogo juu ya klachi, chuma hurudi nyuma nusu hatua, na nusu hatua yatosha kusaga mkono au kuvunja nyonga ya kijana aliyesimama kati.

Yafaa pia tujue mikono mitatu iliyo nyuma ya trekta ilitoka wapi, maana ajuaye sababu ya kitu hukitunza. Matrekta ya kwanza yalilikokota plau kwa mnyororo au kwa chuma kimoja, kana kwamba trekta ni ng'ombe wa chuma. Plau liliponasa kwenye mwamba au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, kichwa cha trekta kikainuka, na trekta zima likapinduka nyuma juu ya dereva wake. Fundi mmoja wa Ireland, jina lake Harry Ferguson, alipewa kazi mwaka 1917 ya kuangalia jinsi matrekta yalivyotumika katika nchi yake. Akaona ya kuwa plau na trekta yapasa viwe mwili mmoja. Mwaka 1926 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Baadaye trekta lake dogo la rangi ya kijivu lilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata mwaka 1956, na idadi yake ilipita 500,000. Matrekta madogo ya siku hizi, yawe ya kutoka India, China au Ulaya, karibu yote hufuata njia ile ile: mikono miwili chini ya kuvuta na kuinua, na mkono mmoja juu wa kuzuia.

Mkono ule wa juu si pambo. Plau likigonga jiwe, nguvu hupita katika mkono huo na kuyakandamiza magurudumu ya mbele chini, badala ya kuyainua. Sasa itazameni nchi yetu, jinsi mawe yalivyojaa katika vilima vya Musoma na Butiama. Mtu auondoaye mkono wa juu kwa sababu umepinda, akatumia mnyororo mahali pake, amejirudisha kwenye hatari iliyokuwapo kabla ya mwaka 1926.

Basi na tuangalie kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, vipimo vikubaliane. Trekta dogo kwa kawaida hutumia pini za chini zenye unene wa milimeta 22, na pini ya juu ya milimeta 19. Matrekta makubwa zaidi hutumia milimeta 28 chini na 25 juu. Mtu akiazima plau la trekta kubwa akalifunga kwa pini nyembamba, pini hucheza tunduni, hulika, na siku moja hukatika njiani. Ziko bushi za chuma za kujaza nafasi hiyo, nazo si ghali. Msumari au kipande cha nondo si pini.

Pili, mahali. Chombo kifungwe na kifunguliwe juu ya ardhi iliyo sawa na ngumu. Mteremko huliteremsha trekta, na tope huzamisha upande mmoja wa plau.

Tatu, watu. Dereva arudi nyuma peke yake, polepole. Utingo asimame kando, umbali wa hatua tano au zaidi, mahali ambapo dereva auona uso wake. Dereva asipomwona, asimamishe trekta. Mtu ye yote asisimame kati ya trekta na chombo wakati trekta linapokwenda, hata kama ni mzoefu, hata kama ni mwenye mali. Mikono ikifikia karibu na pini, dereva atoe gia, afunge breki, azime injini, na ufunguo autie mfukoni. Hapo ndipo watu wakaribie.

Najua wako watakaosema, "Mvua za vuli zimeanza, nasi hatuna nafasi ya kuzima na kuwasha. Tena betri yetu ni mbovu. Tukizima, tutasukuma mpaka jioni." Maneno hayo si ya kuchekwa, maana msimu haumngoji mtu. Lakini jibu lake ni fupi. Betri mbovu na itengenezwe kabla ya mvua, kwa sababu betri hununuliwa. Mkono wa mtu hauuzwi dukani, si Bunda, si Mwanza.

Nne, utaratibu wa kufunga. Anzeni na mkono wa chini wa kushoto, ambao katika matrekta mengi haurekebishwi kwa urahisi. Kisha mkono wa chini wa kulia, ambao huwa na kipini cha kuzungusha ili kuushusha au kuuinua. Mwisho mkono wa juu, ambao hurefushwa na kufupishwa kwa kuuzungusha. Tundu na pini zisipolingana, msitie kidole kupima, wala watu wanne wasiliinue plau kwa mabega. Tumieni mtaimbo, au rekebisheni mkono, au dereva aanze tena. Kila pini ikiisha kuingia, itiwe pini yake ndogo ya kuzuia. Kisha chombo kiinuliwe kidogo tu, nanyi mtazame kama kimekaa sawa.

Tano, uzito wa mbele. Plau likiinuliwa, hulipunguzia trekta uzito wa mbele, hata usukani ukawa mwepesi na magurudumu yasitii. Trekta la namna hiyo likishika njia ya lami kati ya Bunda na Musoma ni hatari kwa wote wapitao. Yapasa litiwe vyuma vya uzito mbele, au lifungiwe chombo kilicho kidogo zaidi.

Sita, kung'oa visiki na kuvuta magari yaliyokwama. Mnyororo ufungwe chini kabisa, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli. Usifungwe kamwe mahali pa mkono wa juu. Trekta lililofungwa juu huweza kupinduka nyuma kwa muda wa sekunde mbili au pungufu, na dereva hapati hata nafasi ya kuruka.

Saba, vyombo vizungukavyo. Shafti ya kuzungusha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde moja. Ikishika ncha ya kanga au mkono wa shati, haimngoji mtu avue. Kifuniko chake kisiondolewe, na avaaye nguo pana asiikaribie.

Sasa tuje kwenye kuweka. Hapa ndipo desturi ya plau la ng'ombe hutudanganya zaidi, kwa kuwa kazi imekwisha na mwili umechoka.

Chombo kisiachwe hewani. Kinachokishikilia juu ni mafuta yaliyo ndani ya mashine ya kuinulia, na mafuta huvuja; tena mtoto akipanda kuchezea wenzo, chombo huanguka mara moja. Kikiisha kazi, kishushwe chini kabisa, injini izimwe, ndipo mikono ifunguliwe kwa kinyume cha kufunga: wa juu kwanza, kisha wa kulia, kisha wa kushoto. Na fundi atakaye kuingia chini ya chombo kilichoinuliwa, ategemeze kwanza magogo mazito, asiyatumainie mafuta.

Chombo kisiegemezwe ukutani. Plau la ng'ombe likianguka huumiza kidole. Plau la trekta likianguka humzika mtoto aliyejificha nyuma yake mchezoni. Likalishwe juu ya miguu yake mwenyewe, likiwa halitikisiki hata likisukumwa. Chini yake yawekwe mawe bapa, ambayo katika nchi yetu hatuna haja ya kuyanunua, nayo mchwa hawayali kama mbao. Sahani za haro zifunikwe kwa magunia, au kwa vipande vya tairi kuukuu, makali yasimkate mtu. Kati ya chombo na chombo iachwe njia ya mtu kupita, na upande wa kufungia uelekezwe nje, ili msimu ujao trekta lirudi moja kwa moja bila ya kusukumana gizani.

Kabla ya kuweka, oshani na kukausha. Udongo mweusi wa mbuga za Bunda hushikamana na chuma na kutunza maji, na kutu huanzia hapo. Sahani na ncha zipakwe grisi. Kichanga cha kando ya ziwa nacho hula ncha polepole. Basi tazameni ncha na bolti wakati wa kuweka, fundi akiwa na nafasi, wala si asubuhi ya mvua ya kwanza. Pini zote zitiwe katika kopo moja lenye kifuniko, na kando yake liwepo daftari la kuandika kilichovunjika na kilichoazimwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa trekta ni la kikundi, achaguliwe mtu mmoja wa kutunza ufunguo na kopo hilo, maana kitu cha wote mara nyingi hakina mwangalizi.

Nchi yetu imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza shamba kubwa la karanga huko Kongwa. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa yamekwisha kutumika penginepo, na madereva wakafundishwa kwa haraka. Visiki, mizizi na ardhi iliyokauka kama tofali viliyavunja, na mafundi hawakutosha. Mwaka 1951 mpango ule ulikomeshwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Hawakukosa mashine, walikosa utunzaji wa mashine, na ujuzi wa udongo. Tangu neno la Kilimo Kwanza lilipotangazwa mwaka 2009, matrekta madogo na pawatila yamefika mikononi mwa wakulima wa kawaida. Sasa utunzaji huo ni juu yetu wenyewe.

Hatusemi ng'ombe waachwe, wala hatusemi trekta liogopwe. Twasema kila kimoja kifungwe kwa desturi yake. Basi leo jioni mfikapo nyumbani, kabla ya watoto kwenda kucheza, zungukeni ua mmoja baada ya mwingine. Mkiona chuma kizito kimeegemezwa ukutani au kimening'inia nyuma ya trekta, kishusheni kwa uangalifu, mkikalishe juu ya mawe. Kazi hiyo haihitaji fedha wala fundi.