Turudieni Sufuria ya Nyumbani



Leo hatukuja na habari ya mkopo. Tumekuja kuongea juu ya sufuria. Katika vikundi tunavyotembelea, akina mama watatu wameanzishiwa dawa za presha na sukari, na wote ni watu wa jembe, si wa ofisini. Hata sisi tuna makosa: kwa semina zetu tulikuwa tunawapa mkate mweupe na soda, githeri tukaiona aibu.

Sasa sikilizeni. Ndani ya utumbo mpana mnaishi vijidudu vingi sana, na vingi si adui. Chakula chao ni yale makapi ya maharagwe, kunde, managu, wimbi na unga usiokobolewa, ambayo tumbo letu haliwezi kuyasaga. Vijidudu huyachachusha, kama uji unavyochacha kwenye kibuyu, na kutoa kitu kiitwacho butireti, ambacho hulisha ngozi ya ndani ya utumbo. Tena makapi hayo huchelewesha sukari kuingia damuni. Mengine hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Basi ini huchukua kolesteroli kutoka damuni ili litengeneze nyongo nyingine. Hapo moyo unapata nafuu.

Mwaka 2015 wataalamu walitoa matokeo ya jaribio moja. Watu 20 wa mashambani Afrika Kusini walipewa chakula cha Kimarekani, nyama na mafuta mengi. Wamarekani Weusi 20 wakala cha Kiafrika. Wiki mbili tu! Butireti ya Wamarekani ikapanda zaidi ya mara mbili, ya ndugu zetu ikashuka kufika nusu. Na hapa jirani, Kilimanjaro, utafiti wa wanaume 77 ulitolewa 2025. Wa kijijini walioacha chakula cha kwao kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha mwili unawaka ndani kama unaopigana na ugonjwa.

Mama mmoja alituuliza, "Na tumbo likijaa gesi, je?" Swali zuri. Loweka maharagwe usiku, mwaga yale maji, anza na kidogo kidogo. Na dawa ya presha usiiache eti kwa sababu umekula terere! Daktari ndiye wa kuamua.

Tunasikia kikundi kimoja kinachangia mashine ya kukoboa mahindi. Kabla ya kulipa, jadilianeni tena, kwa maana mtakuwa mnalipa pesa kuondoa chakula na kuwapa kuku. Semina ijayo hakuna soda. Njooni na githeri, sisi tutaleta sahani.